Nimefanana na mdogo wangu mwenye selimundu. Nitoe uloto? Mama mkwe anasema sitazaa tena

MamaTunu

Habari zenu ndugu zangu. Nitaandika kirefu, mnivumilie, maana nyumbani siwezi kuliongea hili bila ugomvi kuzuka.

Nina miaka 26, nimeolewa Morogoro, nina mtoto mmoja wa kike. Kwetu ni Singida. Kitinda mimba wetu yuko darasa la tatu na ana selimundu. Aliyewahi kulea mtoto wa siko seli anajua mambo yalivyo. Usiku anaanza kulalamika miguu, ukimkanda analia, usipomkanda analia. Kukipambazuka mnapanda bajaji, anatundikiwa maji, anaongezwa damu, mnarudi nyumbani mkijua mtakwenda tena. Mwaka jana aliamka mdomo umepinda na mkono wa kulia umelegea. Wakasema ni kiharusi. Mtoto wa darasa la pili, kiharusi! Mkono umerudi lakini kuandika anaandika kwa tabu.

Baada ya hapo tukaelekezwa Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa, kwa ajili ya kupandikizwa uloto, ile sehemu laini ndani ya mfupa inayotengeneza damu. Tulipimwa watoto wote wa baba mmoja mama mmoja, kuona nani seli zake zinafanana na za mgonjwa ili amtolee. Kaka hakufanana, anayenifuata hakufanana, mimi nimefanana moja kwa moja. Mama alipopewa majibu kwa simu alikuwa stendi, akapiga vigelegele hadi makonda wakamuuliza nani anaolewa.

Shida iko huku kwangu. Mama mkwe amesema mwanamke akinyonywa mafuta ya mifupa mgongo unakufa na kizazi kinaondoka, na mwanawe hakuoa ili abaki na mtoto mmoja. Wifi amenitumia sauti ya WhatsApp, mtu anasimulia jirani yake alitoa uloto akapooza kuanzia kiunoni. Mume wangu nikimuuliza anasema "amua mwenyewe" halafu anatoka kwenda kuangalia mpira. Upande wa pili mama yangu anapiga simu kila jioni: "Umeshaongea na mwenzio?"

Naomba kujua: sindano inaingia wapi hasa, ni uti wa mgongo? Nitazaa tena? Nimepimwa nina AS, yaani nimebeba selimundu lakini siumwi, haina madhara kwa mdogo wangu? Yeye ni kundi O, mimi ni B, inawezekana? Na hili la mwisho naona hata aibu kuliandika. Mtu akiogopa, anaruhusiwa kukataa?

Ningeomba ajibu aliyetoa yeye mwenyewe, siyo aliyesikia kwa jirani.

Mzee wa Kahawa

Dada, uliza kwanza wanalipa shilingi ngapi. Watu wanauza figo huko duniani, wewe unatoa bure na ndoa inayumba?

Fundi wa Ngamiani

Mzee wa Kahawa, uloto hauuzwi, na atakayekuja kukwambia ananunua mkimbie. Sasa sogea kidogo niongee na huyu dada.

MamaTunu, pole kwa uuguzi. Mimi nimetoa mwenyewe, nilimtolea mdogo wangu wa kike. Yeye hakuwa na selimundu, uloto wake uligoma tu kutengeneza damu. Alianza na michubuko mapajani. Baba akadhani wanamchapa shuleni, akavaa kanzu yake ya Ijumaa akaenda kugombana na mwalimu mkuu. Baadaye fizi zikawa zinatoa damu akipiga mswaki, kisha hedhi ikawa haikatiki. Vijana wote wa gereji yetu hapa Ngamiani walishamchangia damu, tukaanza kuomba hata wateja. Mtu analeta gari kubadilisha bushi, tunamuuliza ana kundi gani.

Enzi hizo upandikizaji ulikuwa haujaanza hapa nchini. Muhimbili walianza 2021, na walianza na watu wazima wanaorudishiwa seli zao wenyewe. Benjamin Mkapa wakaja na watoto wa selimundu 2023. Kwa hiyo sisi ilikuwa Chennai, India. Kiwanja cha Pongwe kikaenda, michango ya msikitini ikaja, na bado tuliporudi tulikuwa na madeni. Nyinyi mnapanda basi Singida mnashuka Dodoma, mshukuruni Mungu kwa hilo.

Kabla hawajanigusa walinipima kila kitu: UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende, moyo, picha ya kifua. Daktari aliyenipima mimi hakuwa daktari wa mdogo wangu, nilipewa wangu. Alimtoa baba nje, akafunga mlango, akaniuliza: umelazimishwa? Nikajibu hapana, na ilikuwa kweli kwa kiasi cha kutosha. Nakwambia hili kwa sababu ya lile swali lako la mwisho. Hata mwenye moyo wa kutoa, ukiona wazee wawili wanakutazama usoni tangu alfajiri, hujui tena kama umeamua au umeamuliwa.

Haya, sindano. Weka mikono kiunoni kama mama anayegombeza. Vidole gumba vinapogusa nyuma, shuka navyo kidogo, utakutana na mfupa mgumu pande zote mbili. Ni mfupa wa nyonga. Hapo ndipo wanapochukua. Uti wa mgongo uko katikati na hawaugusi kabisa. Unapigwa nusu kaputi, unalazwa kifudifudi, huoni wala husikii. Kwenye ngozi wanatoboa matundu machache tu, ila ndani ya mfupa wanavuta mara nyingi kwa bomba la sindano, wakiihamisha sindano kupitia tundu lilelile. Kuna kiwango hawavuki, mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wa mtoaji. Na kiasi kinachotakiwa kinafuata zaidi uzito wa mgonjwa, kwa hiyo kwa mtoto wa darasa la tatu hawatakuhitaji sana kama walivyonihitaji mimi kwa msichana mkubwa.

Niliamka koo linakwaruza kwa sababu ya ule mpira wa kupumulia, mdomo mkavu, na plasta nene juu ya makalio. Maumivu yenyewe, ukiwahi kuteleza bafuni ukatua kwa makalio kwenye saruji, basi ni hayohayo. Vidonge vya kawaida vya maumivu vilitosha. Jioni nilikwenda chooni kwa miguu yangu nikiegemea ukuta. Kesho yake nikatolewa wodini. Kilichonisumbua ni kuinama. Sijida nilikuwa naimudu, rukuu ndiyo ilinitoa jasho. Na ngazi, kushuka kuliko kupanda. Walinipa vidonge vya madini ya chuma. Uchovu ulikaa muda, nikirudi kutoka dukani nalala mchana kama mtoto. Mwili unaurudisha uloto wote ndani ya wiki 4 mpaka 6. Niliporudi gereji wenzangu walinikataza kunyanyua giaboksi, nami nikatii, ingawa nadhani ningeweza.

Mimi sikuuona uloto wangu, baba ndiye aliuona. Anasema ni mfuko wa damu tu, nyekundu iliyokolea, na juu yake kuna vitone vya mafuta vinaelea. Wakautundika kwenye nguzo ya dripu, ukawa unaingia kupitia mpira uliokuwa kifuani kwa mdogo wangu. Baba amekaa nje ya kioo na tasbihi, anasubiri. Muda ukapita, akamshika nesi mkono, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha bandarini mwanangu anapasuliwa saa ngapi. Nesi akamwonyesha kidole mfukoni: ndiyo hiyo, imebaki robo. Hakuna kisu kwa mgonjwa. Mamilioni yote yale, kiwanja chote kile, na kitu chenyewe kinaingia kama damu ya kuongezewa.

Sasa nisikilize hapa, maana hili sikuambiwa na mtu. Maumivu ya mtoaji ni kitu kidogo. Kazi ipo baadaye, kwenye kungoja. Mgonjwa anakuwa hana kinga hata chembe, amefungiwa chumba cha peke yake, na kila asubuhi wanamtoa damu kuhesabu kama chembe nyeupe mpya zimetokea. Siku zinapita jibu ni sifuri, sifuri, sifuri. Mimi mtoaji niko kwenye chumba cha kupanga karibu na hospitali, napika ugali wa unga wa mahindi wa Kihindi usioshika, na kila simu ikilia tumbo linakata. Chembe zikatokea, tukashangilia. Kisha viganja vyake vikaanza kuwa vyekundu, vikawasha, ngozi ikabanduka kwenye vidole, vipele vikapanda mikononi. Daktari akaeleza kwamba ni seli zangu, zimeamka ndani ya mwili usio wao na zinaushambulia.

Usiku ule sikulala. Watu wote walikuwa wananiita mwokozi, na mimi nimekaa najua kinachomla ngozi ni mimi. Nikamuuliza daktari kama ni kitu nilichokula, au ni kwa sababu niliwahi kumnyima pesa ya shule nikanywea soda na wenzangu. Nilimuuliza kweli, msinicheke. Akasema hakuna uhusiano na chakula wala na moyo wa mtu, hutokea hata kwa ndugu waliofanana kabisa, ndiyo maana mgonjwa anapewa dawa za kushusha kinga. Wakaongeza dawa, vipele vikaondoka taratibu. Yeye mwenyewe aliposikia maelezo akasema kwa ile sauti yake ya kinywa kilichojaa vidonda: "Kaka, hata humu ndani umekuja na ugomvi?"

Yuko hai, anauza vitenge Tanga mjini, kadi yake ya zamani imeandikwa O na damu yake ya leo ni A kama yangu. Hilo ndilo jibu la swali lako la kundi.

Kuhusu mama mkwe, usimfanye adui. Nina shangazi aliyeeneza mtaa mzima kwamba baba "ameniuza", na ndiye huyohuyo sasa hivi anayesimulia harusini habari ya uloto kama alishika yeye mfuko. Mama mkwe anaogopa, na hajapata mtu wa kumweleza zaidi ya ile sauti ya WhatsApp.

Swali la kizazi niwaachie wenye taaluma, mimi ni fundi wa magari.

Sista wa Wodini

Nimefanya kazi wodi ya magonjwa ya damu muda mrefu. Fundi ameeleza vizuri, niongeze yangu.

Kizazi. Mama mkwe wako hakuyaokota hayo maneno hewani, ila ameyaweka kwa mtu asiye wao. Mgonjwa, kabla ya kupandikizwa, hupewa dawa kali za kemo za kuua uloto wake wenyewe ili mpya upate nafasi. Hizo dawa zinaweza kudhuru uwezo wake wa kuzaa baadaye. Kwa hiyo swali hilo mnapaswa kuwauliza madaktari, lakini kwa ajili ya mdogo wako, na mliulize kabla hawajaanza. Wewe mtoaji hupewi kemo. Mfuko wa uzazi na ovari havihusiki kabisa. Kitu kimoja tu: usiwe mjamzito wakati wa kutoa, na watakupima. Kama wewe na baba Tunu mlikuwa na mpango wa mtoto wa pili, kaeni mpange tarehe.

AS siyo tatizo. Ndugu wengi wanaotoa kwa ajili ya selimundu wana AS, maana wazazi wenyewe wote wawili wanazo chembe za urithi za selimundu. Asiyeweza kutoa ni mwenye SS, yaani anayeumwa selimundu mwenyewe. Na kundi la damu halizuii. Linalotazamwa ni HLA, alama zilizo juu ya seli, ambazo mtoto anarithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ndiyo maana wazazi wako wanafanana naye nusu tu, na kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4. Kaka yako na mwenzio hawana upungufu wowote, wasilaumiwe. Nimeona familia watoto wasiofanana wakitengwa kama vile walikataa.

Hatari zipo, asikudanganye mtu. Dawa ya usingizi ina hatari zake kama kwa upasuaji wowote, sehemu iliyotobolewa inaweza kuvuja damu au kupata maambukizi, na wachache hubaki na maumivu ya nyonga kwa muda mrefu kuliko wenzao. Makubwa ni nadra, lakini ni haki yako kuyasikia kabla ya kutia sahihi. Ile sauti ya kupooza ifute, sindano haipiti njia hiyo.

Kukataa unaruhusiwa. Omba kuonana na daktari wako bila mama, bila mume, bila mtu yeyote. Ukisema huwezi, hospitali haitakiwi kutangaza sababu; inatosha familia kuambiwa kwamba mtoaji hafai kitabibu. Ila wakati ni huu. Mtoto akishaanza kemo uloto wake unakuwa umeuawa, na wewe ukirudi nyuma hapo hana cha kumrudisha. Kama una hofu, iseme kabla ya siku hiyo, hata kama ni jioni ya mwisho. Nimewahi kumwona kaka mtu anatafutwa mji mzima huku mgonjwa yuko siku ya nne ya dawa. Alipatikana, mambo yakaenda, lakini sitaki kuyaona tena.

Na kwa uzito wa upande wa pili: mtoto mwenye selimundu aliyeshapata kiharusi yuko kwenye kundi linalohitaji tiba hii kuliko wengi. Mwaka 2017 kulichapishwa utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 1,000 wa selimundu waliopandikizwa kutoka kwa ndugu waliofanana. Zaidi ya asilimia 90 walikuwa hai baada ya miaka 5, na watoto walifanya vizuri kuliko watu wazima. Hizo si namba za Dodoma. Za Dodoma waulize wenyewe, wana wajibu wa kuwaambia.

Mvita wa Köln

Salamu kutoka Ujerumani, mimi ni wa Mombasa. Nami nimetoa, lakini kwa njia tofauti na kwa mtu nisiyemjua, kwa hivyo nisome kama habari ya ziada.

Nilijiandikisha DKMS, shirika la kuandikisha watoaji, kazini kwetu, unasugua pamba ndani ya shavu, basi. Nilishasahau. Miaka ikapita, nikapigiwa simu kuna mgonjwa nimelingana naye. Kwangu hawakugusa mfupa. Nilidungwa sindano siku 5 za dawa inayozisukuma seli mama, zile zinazozaa damu, zitoke kwenye uloto ziingie kwenye damu. Mifupa iliuma kama homa ya dengu, kichwa nacho. Halafu nikalazwa kitini, mkono mmoja damu inatoka, inapita kwenye mashine, inarudi mkono wa pili. Muda wa saa nne hivi. Midomo inakufa ganzi kwa sababu ya dawa wanayotia damu isigande, wanakupa kalisiamu. Usumbufu mkubwa ulikuwa pua kuwasha na mikono yote miwili haikunjiki. Nesi alinikuna, mwanamke wa makamo, kwa adabu kubwa.

Sheria ya hapa ni miaka 2 bila kujuana. Niliambiwa tu ni mwanamke mzima na nchi aliko. Watu huniuliza kwa nini nilimtolea mzungu. Sijui kama ni mzungu, na hata kama ndiye.

Lakini kuna hesabu inayoniuma. Shirika la usajili la Marekani, NMDP, husema mgonjwa mzungu ana nafasi ya asilimia 79 kupata aliyefanana naye kabisa kwenye daftari lao, na Mmarekani mweusi asilimia 29. HLA hufuata asili ya watu, na sisi wenye asili ya Afrika tunatofautiana sana wenyewe kwa wenyewe, tena tuliojiandikisha ni wachache. Sasa fikiria mtoto wa Singida asiye na ndugu aliyefanana naye. Tulioko Ulaya na Marekani hatuna kisingizio, ile pamba haiumi. Nimeshawaandikisha Waswahili wa msikiti wetu, wengine wakanikimbia kwenye maegesho.

Dada, kwa selimundu madaktari kwa kawaida hupendelea uloto wenyewe wa mfupani, kwa kuwa hupunguza ile vita aliyoisema Fundi. Kwa hivyo jiandae na nyonga, si mashine.

Mzee wa Kahawa

Nimesoma yote. Swali langu la pesa nalifuta. Ila nauli, chakula, na siku ambazo mtoaji hafanyi kazi, hizo nani analipa? Hilo halijajibiwa.

Fundi wa Ngamiani

Hilo ni swali zuri, mzee wangu. Kwangu hakuna aliyelipa. Wateja wangu wawili walihamia gereji nyingine na hawakurudi. Familia zikae zipange michango ya mgonjwa na mtoaji kwa pamoja, maana mtoaji hasemi.

MamaTunu

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii.

Jana mume wangu nilimsomea yote chumbani, ya Fundi na ya Sista. Kwenye habari ya baba kuuliza saa ya upasuaji alicheka, na ni muda hajacheka. Akaniambia kilichokuwa kinamfunga mdomo si mtoto wa pili. Dada yake mkubwa alikufa kwenye nusu kaputi ya upasuaji wa uzazi, na nyumbani kwao hawalizungumzi. Miaka yote ya ndoa sikuwa najua. Kwa hiyo na mama mkwe sasa namwelewa kidogo, ingawa jana hiyohiyo nilipomweleza kwamba mwili unaurudisha uloto wote, alichouliza ni kimoja tu: huyo fundi ana watoto? Nikasema sijui. Akasema muulize, na wa mwisho alizaliwa lini.

Tumekubaliana tutakwenda wote wawili Dodoma. Mtu wa dawa ya usingizi atakaa na mume wangu amweleze yeye. Mimi nitaomba kuonana na daktari peke yangu kama Sista alivyosema. Mama sijamwambia kwamba nitakwenda kusema naogopa, kwa sababu sijajua nitasemaje. Sijasema sitatoa. Nataka tu mtu aniulize kwa mlango uliofungwa, kama Fundi alivyoulizwa.

Fundi, nibebe nini?

Fundi wa Ngamiani

Mwambie mama ninao watatu, wa mwisho ana miaka minne, amezaliwa baada ya uloto. Najua atasema mwanaume si mwanamke. Sista ataingilia hapo.

Sista wa Wodini

Naingilia. Wanawake waliotoa uloto wanabeba mimba na kuzaa kama kawaida. Mama akitaka, siku ya kliniki aje naye, waulize pamoja. Wamama wakwe tunawapokea kila siku.

Fundi wa Ngamiani

Basi hapo nimemaliza. Vya kubeba: dela mbili tatu pana. Suruali ya kubana na sketi yenye mkanda acha nyumbani, mkanda unapita palepale kwenye plasta. Kandambili zisizoteleza. Mto mdogo wa kukalia, kwenye basi la kurudi Morogoro utaniombea dua. Chukua siti ya mbele, huko nyuma matuta yatakumaliza. Na mtafute mapema mtu wa kumbeba Tunu, kwa siku za mwanzo usimnyanyue hata akilia, mkalishe kitandani akufuate yeye. Kama mama mkwe anatafuta kazi, mpe hiyo.